Je, makala 312 za daktari zinatosha tuuze kiwanja?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu ana miaka 27. Miaka miwili iliyopita alipata ajali ya bodaboda akavunjika uti wa mgongo. Karatasi ya hospitali imeandikwa T5, ASIA B, yaani pingili ya tano ya kifua, na daraja la B la kipimo cha majeraha ya uti wa mgongo. Anahisi akiguswa miguuni lakini hawezi kusogeza hata kidole. Kuna kliniki nje ya nchi inayosema itamtoa seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) kwenye mafuta ya tumbo na kumchoma mgongoni mara nne, kwa dola 24,000 bila nauli. Tulipoonyesha mashaka walitutumia wasifu wa daktari wao. Ni profesa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu na wa tiba ya seli, ana makala 312, kipimo chake cha h ni 41, na tafiti zake zipo PubMed. Wanasema pia kwamba jaribio lao limesajiliwa Marekani. Baba anataka kuuza kiwanja chetu cha Buswelu. Mimi ndiye ninayesoma Kiingereza nyumbani, kwa hiyo wameniachia niseme kama daktari huyu ni wa kweli. Nimeambatanisha kurasa mbili za orodha yake. Zaidi ya hapo nimeshindwa. Nisome nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, pole kwa yaliyompata mdogo wako, na pole pia kwa kuachiwa peke yako uamuzi ambao ulipaswa kubebwa na ukoo mzima. Nimeusoma ujumbe wako kwa makini, na naona una maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kama daktari huyu ni mtafiti wa kweli. La pili ni kama tiba anayoitoa itamsaidia kijana. Kliniki imekutumia jibu la swali la kwanza ikitarajia kwamba utalipokea kuwa jibu la pili. Ndiyo sababu naomba twende polepole, maana inawezekana kabisa jibu la kwanza likawa ndiyo na la pili likawa hapana.

Tuanze na hiyo 312. Orodha ya machapisho ya daktari huchanganya vitu vya uzito tofauti sana. Humo mna ikisiri za makongamano, ambazo ni aya moja iliyotumwa kabla ya mkutano na mara nyingi haikupata kufuatiwa na makala kamili. Mna barua kwa mhariri, tahariri, sura za vitabu, na mapitio ya kazi za watu wengine. Mna taarifa za mgonjwa mmoja. Mna tafiti za maabara zilizofanyika kwenye sahani za kukuzia seli, na nyingine nyingi zilizofanyika kwa panya. Mwisho kabisa, na kwa kawaida ndiyo machache kuliko yote, mna majaribio ya kitabibu ambamo binadamu wenye ugonjwa fulani walipewa tiba fulani wakalinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Kuvihesabu vyote hivyo kwa pamoja ni kuhesabu magunia bila kuyafungua uone lipi lina mpunga na lipi lina pumba.

Katika kurasa mbili ulizonitumia, mambo mawili yanaonekana wazi. Sehemu kubwa ya kazi za daktari huyu inahusu kiharusi na picha za ubongo. Humo jina lake linatokea mara kwa mara katikati ya waandishi kumi na zaidi, na kazi hizo zimetoka katika majarida yanayoheshimika. Kazi za seli shina ni chache, ni za karibuni, na karibu zote ni za panya au ni mapitio. Simlaumu kwa hilo, kwa sababu mtafiti ana haki ya kuhamia uwanja mwingine, lakini inakubidi uelewe maana yake: sifa aliyoichuma kwenye kiharusi ndiyo inayotumika sasa kukuuzia sindano ya uti wa mgongo. Wasifu haujasema uongo wowote. Umejumlisha tu viwanja viwili vya utabibu katika tarakimu moja, na wewe hukupewa njia ya kuvitenganisha.

Kuhusu nafasi ya jina, kuna desturi inayokusaidia. Katika majarida mengi ya tiba, mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara au mwenye wazo. Waliopo katikati wanaweza kuwa wametoa mchango mkubwa, au wamechangia wagonjwa na sampuli tu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti ya nani astahili kuitwa mwandishi, lakini sisi tulioko ndani tunajua kwamba wapo wakuu wa idara ambao majina yao huwekwa kwa heshima. Kwa hiyo ukifika kwenye makala za seli shina, angalia kama jina lake liko mwanzoni au mwishoni.

Kipimo cha h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtafiti mwenye h ya 41 ana makala 41 ambazo kila moja imerejelewa na makala nyingine angalau mara 41. Ni namba ya heshima kwa mtu wa makamo. Lakini haijui kutofautisha makala iliyorejelewa kwa kusifiwa na ile iliyorejelewa kwa kupingwa, inakua kadiri mtu anavyozeeka kazini, na inaweza kupandishwa na mtu kujirejelea mwenyewe. Zaidi ya hayo, haisemi chochote kuhusu mada. H yote ya daktari huyu inaweza kuwa imetoka kwenye kiharusi.

Kuhusu PubMed, wengi wanadhani kuwamo humo ni kupewa muhuri. Sivyo. PubMed ni katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1996, na ina rekodi zaidi ya milioni 37. Makala huingia humo kwa kuwa jarida lake limeorodheshwa, au kwa kuwa nakala yake imehifadhiwa kwenye hazina ya maktaba hiyo. Hakuna aliyekaa akaipima tiba na kusema inafaa.

Hoja ya kusajiliwa Marekani ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko nyingine, kwa sababu imewahi kuumiza watu. Rejista ya ClinicalTrials.gov ni daftari la wazi ambamo mtafiti au kliniki hujiandikisha yenyewe, na tovuti hiyo inatamka kwamba kuorodheshwa si idhini ya serikali. Mwaka 2017 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha habari za wanawake watatu wa Florida waliokuwa na ugonjwa wa uzeeni wa kiini cha macho. Walichomwa ndani ya macho seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, kila mmoja akalipa dola 5,000, na baadhi yao waliamini wanashiriki utafiti kwa sababu walikuwa wameuona kwenye rejista hiyo hiyo. Wote watatu walipoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa. Jaribio halisi, kwa kawaida, halimtozi mgonjwa gharama ya kitu kinachojaribiwa. Ukiona unatozwa dola 24,000, fahamu kwamba wewe ni mteja, hata kama karatasi inakuita mshiriki.

Sasa tuingie kwenye jeraha lenyewe, kwa sababu bila kuelewa kinachotokea ndani ya mgongo huwezi kuisoma orodha hiyo kwa haki. Mfupa ukivunjika huunga. Neva ya mkono ikikatika huweza kuota tena taratibu. Lakini nyuzi za fahamu zilizomo ndani ya uti wa mgongo, zinazoleta amri kutoka ubongoni, hazioti tena kwa mtu mzima. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba nyuzi zenyewe hazina uwezo huo. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, waliokuwa Montreal, walionyesha kitu kilichobadilisha mawazo: walipandikiza kipande cha neva ya kawaida kama daraja kwa panya, na nyuzi kutoka kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo ziliota ndani ya daraja hilo hadi kufikia takriban sentimita 3. Kumbe uwezo ulikuwepo, na mazingira ndiyo yaliyozuia. Baadaye Martin Schwab na wenzake wa Zürich walitambua protini zilizomo kwenye utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi, ambazo huziamuru zisiote. Juu ya hapo kuna kovu, kuna uvimbe unaoendelea kuua seli kwa siku na wiki baada ya ajali, na mara nyingi kuna uwazi uliojaa majimaji pale palipokuwa na tishu.

Seli za mafuta zinapochomwa kwenye maji ya mgongo hazigeuki kuwa nyuzi mpya zikaunganisha pengo hilo. Ndivyo matangazo mengi yanavyodokeza bila kutamka, na ndivyo familia nyingi zinavyoelewa. Tunachokijua ni kwamba seli za aina hiyo hukaa muda mfupi na kutoweka, na kama zina faida basi inadhaniwa hutokana na kemikali zinazotoa, ambazo hutuliza uvimbe. Hilo lina mantiki katika siku au wiki za kwanza, wakati uvimbe bado unaua seli. Baada ya miaka miwili uvimbe huo umekwisha kutulia na kovu limekamilika.

Hapo ndipo tafiti za panya zinapomchanganya msomaji. Panya wa maabara wana uzito mmoja na umri mmoja, huumizwa kwa chombo kinachodondosha uzito uliopimwa mahali palepale, na kwa kawaida hupewa seli ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mdogo wako aliumia barabarani, na miaka miwili imepita. Tena mwendo wa panya hupimwa kwa macho ya watazamaji, kwa kipimo cha alama 0 hadi 21 kilichobuniwa Ohio mwaka 1995. Mtazamaji akijua ni panya gani aliyepewa seli, macho yake humpendelea bila yeye kukusudia. Kwa hiyo ukisoma makala ya panya tafuta sentensi inayosema kwamba waliopima hawakujua panya yupi yuko kundi lipi. Ikikosekana, punguza imani yako.

Kwa binadamu kuna mtego mwingine, nao ni nafuu ya asili. Mtu aliyeumia uti wa mgongo, hasa jeraha likiwa si kamili, huweza kurudisha nguvu kiasi ndani ya miezi 6 hadi 12 ya kwanza bila dawa yoyote zaidi ya matunzo na mazoezi. Ukiwachoma seli wagonjwa wa mwezi wa pili, ukawapima mwezi wa nane, utaona nafuu. Na kama huna kundi la ulinganisho, utaandika makala nzuri kabisa ambayo haikuthibitisha kitu. Japani iliruhusu kwa masharti tiba moja ya seli za uboho kwa ajili ya majeraha ya uti wa mgongo mwishoni mwa 2018, kwa kutegemea wagonjwa 13 wasio na kundi la ulinganisho. Wanasayansi wengi walilalamika, kwa sababu hiyo hiyo ninayokueleza.

Kwa upande wa tiba inayofanana na mliyoahidiwa, sitakuficha habari njema iliyopo. Mwaka 2024 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha katika Nature Communications matokeo ya wagonjwa 10 waliochomwa mgongoni seli za mafuta yao wenyewe. Saba walipanda angalau daraja moja la kipimo cha ASIA, na hapakutokea madhara makubwa. Kliniki yako huenda ikakutumia makala hiyo. Ukiipokea, kumbuka kwamba ilikuwa hatua ya kwanza ya utafiti, yenye lengo la kupima usalama, haikuwa na kundi la ulinganisho, na ilifanywa na kikundi kingine, kwa seli zilizokuzwa katika maabara yao na si ya daktari wako. Matokeo ya watu 10 huko hayawi sifa ya sindano inayotolewa mahali pengine. Vilevile, Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, kilitangaza habari za wagonjwa wanne waliopandikizwa seli zilizotokana na teknolojia ya Shinya Yamanaka, mshindi wa Nobeli wa 2012, ya kurudisha seli za kawaida ziwe seli shina. Wawili walipata nafuu ya kuonekana. Lakini wote walitibiwa ndani ya wiki chache baada ya ajali.

Napenda uone pia jinsi rekodi nzuri inavyoonekana, kwa sababu si kusudi langu kukufanya umshuku kila mtafiti. Kazi iliyoanzia kwa Schwab iliendelea kwa zaidi ya miaka thelathini: protini ikatambuliwa, kingamwili ya kuizuia ikatengenezwa, ikajaribiwa kwa panya na nyani, kisha kwa binadamu, na hatimaye likafanyika jaribio la vituo vingi vya Ulaya ambamo wagonjwa waligawanywa kwa kura kati ya dawa na dawa bandia. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2024 katika The Lancet Neurology: kwa kundi zima, dawa haikuishinda dawa bandia katika nguvu za mikono. Na wakayachapisha. Mtu anayechapisha kushindwa kwa wazo alilolifanyia kazi tangu ujana ndiye ninayemwamini siku akisema jambo limefanikiwa. Katika orodha ya daktari wako, tafuta makala hata moja inayosema tiba haikufanya kazi. Orodha ndefu isiyo na hata moja ya namna hiyo inanipa mashaka kuliko orodha fupi.

Nguvu ya kundi la ulinganisho ilionekana pia kwenye ugonjwa wa Parkinson. Baada ya makala nyingi za matumaini kuanzia Lund, Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1980, Curt Freed na wenzake walichapisha mwaka 2001 jaribio la wagonjwa 40. Nusu walipandikizwa seli ubongoni, na nusu walitobolewa fuvu bila kuwekewa chochote, huku wenyewe wasijue wako upande upi. Katika kipimo kikuu cha jaribio hilo, ambacho kilikuwa maoni ya wagonjwa wenyewe kuhusu hali yao, tofauti haikuonekana, na baadaye asilimia 15 ya waliopandikizwa walipata mitikisiko isiyozuilika. Matumaini ya mgonjwa yana nguvu kubwa, na mgonjwa aliyeuza mali ana kila sababu ya kuhisi nafuu.

Na je, mtu mwenye rekodi kubwa kweli kweli anaweza kukosea kiasi cha kuua? Paolo Macchiarini alikuwa daktari wa upasuaji katika taasisi ya Karolinska, Stockholm, ambayo huchagua washindi wa Nobeli ya tiba, na makala zake kuhusu kupandikiza koo la hewa lililopakwa seli shina zilitoka The Lancet. Mgonjwa wa kwanza kuwekewa koo la plastiki, mwaka 2011, alikuwa kijana wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Makala ilisema anaendelea vizuri. Alifariki Januari 2014. The Lancet ilifuta makala mbili mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ikamhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Wenzake wanne waliotoa tahadhari mwanzoni walipuuzwa, na kwa sehemu ni kwa sababu orodha yake ya machapisho ilionekana kubwa mno kutiliwa shaka.

Kufutwa kwa makala si lazima kuwe na maana ya uovu. Wapo watafiti waungwana wanaogundua kosa lao na kuiomba bodi iiondoe. Lakini ni jambo la kuangaliwa, na ni rahisi. Kuna hifadhidata ya makala zilizofutwa iliyoanzishwa na Retraction Watch, tovuti inayofuatilia makala za namna hiyo, na iko wazi kwa kila mtu bila malipo. Andika jina la daktari uone. Kama jina lake ni la kawaida na linachanganywa na wengine, omba namba yake ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo mtafiti hubeba kazini kwake kote.

Kuna pia majarida yanayochapisha chochote kwa anayelipa. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, alituma makala ya kubuni, yenye kasoro ambazo mwanafunzi angeziona, kwa majarida 304, na 157 yakaikubali. Sisi tunaofundisha vyuoni hupokea barua pepe zao kila wiki, zikituita mabingwa wa fani ambazo hatujawahi kuzigusa, na kwa kuwa vyuo vyetu navyo huhesabu makala mtu anapotaka kupandishwa cheo, siwezi kusema kwamba hakuna mwenzetu aliyewahi kunasa. Dalili mojawapo unaweza kuiona mwenyewe: chini ya kichwa cha makala huandikwa tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kukubaliwa. Tafiti ngumu ya binadamu iliyopokelewa Jumatatu na kukubaliwa Ijumaa haikusomwa na mtu.

Kwa hiyo, swali lako la nisome nini nalijibu hivi: usisome 312. Waandikie kliniki uwaombe makala moja tu. Iwe ni utafiti wa binadamu, wenye jeraha la uti wa mgongo la zaidi ya mwaka mmoja, waliopewa seli hizo hizo kwa njia hiyo hiyo katika kliniki hiyo hiyo, na daktari huyu awe mwandishi wa kwanza au wa mwisho. Wakiileta, angalia kwanza wagonjwa walikuwa wangapi na kama palikuwa na kundi la ulinganisho. Angalia alama za nguvu za misuli: kipimo cha ASIA kina alama 100 za misuli, 50 za mikono na 50 za miguu, na makala ya kweli itakuambia zimepanda ngapi, badala ya kusema tu kwamba wagonjwa waliridhika. Angalia walifuatiliwa kwa muda gani. Kisha nenda mwisho kabisa wa makala, kwenye aya ndogo ya maslahi ya waandishi, usome nani alilipia utafiti na kama mwandishi ana hisa katika kliniki. Wasipoileta, wakakutumia orodha kwa mara ya pili au video za wagonjwa wanaotembea, umeshajibiwa.

Muda wa ufuatiliaji nausisitiza kwa sababu ya kisa kimoja. Msichana mmoja Mmarekani, aliyepooza akiwa na miaka 18, alikwenda Ureno miaka mitatu baadaye akapandikizwa kwenye uti wa mgongo tishu ya ndani ya pua yake. Tiba hiyo ilikuwa imechapishwa katika jarida linalopitiwa na wanataaluma. Miaka minane baada ya upasuaji alianza kuumwa mgongo. Madaktari walipomfungua walikuta uvimbe uliojaa kamasi nzito, kwa sababu tishu ya pua iliendelea kufanya kazi yake ya pua. Nafuu hakupata. Yupo pia mzee aliyechomwa seli mgongoni katika nchi tatu tofauti kutibu kiharusi, akaota uvimbe uliompooza zaidi. Habari zake zilitoka mwaka 2016. Visa hivi ni vichache, lakini mdogo wako ana kitu cha kupoteza: ASIA B ina maana hisia zake zimefika hadi chini kabisa, na hisia hizo ndizo zinazomwonya kabla kidonda cha kulalia hakijachimbika.

Usiondoke hapa ukiamini kwamba seli shina zote ni ulaghai. Upandikizaji wa uboho ni tiba ya seli shina, umetumika kwa miongo mingi, na sasa unafanyika hata Muhimbili, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Tofauti ni kwamba huko njia ya tiba inafahamika na matokeo yamelinganishwa kwa maelfu ya wagonjwa.

Nawajibika pia kukuambia jambo gumu. Kwa jeraha kama hili, baada ya miaka miwili, uwezekano wa miguu kurudi kutembea yenyewe ni mdogo, na mpaka leo hakuna seli za kliniki yoyote zilizothibitishwa kuubadilisha. Kinachothibitika kubadilisha maisha yake ni vitu visivyo na mvuto: mto sahihi wa kiti cha magurudumu, ratiba ya kutoa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa kadhaa ili figo zisiharibike, mazoezi tiba ya mikono na kiwiliwili yanayomwezesha kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini, choo kilichopanuliwa mlango, na kazi. Sehemu ndogo ya hizo dola ingefika mbali. Tena mtaalamu wa mazoezi tiba au muuguzi atakayemfundisha hayo anaweza kuwa na makala mbili maishani mwake, au asiwe nayo hata moja. Usimpime kwa hilo. Muulize amehudumia wagonjwa wangapi wa uti wa mgongo na wangapi kati yao wanajihudumia.

Mkiwa Mwanza, anzeni Hospitali ya Bugando, kwa daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na ikibidi atawapa rufaa ya MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwambieni waziwazi kuhusu kliniki, wala msimfiche kwa kuogopa kugombezwa. Msisubiri miadi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, akipata homa ya kutetemeka, mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, kidonda kikitoa harufu, au hisia alizokuwa nazo zikianza kupungua au mikono kulegea, jambo ambalo linaweza kumaanisha uwazi wa majimaji unatanuka ndani ya uti na linahitaji picha ya MRI. Kwa jeraha la T5 kuna dharura moja zaidi ambayo kila mtu wa nyumbani anapaswa kuijua: akiumwa kichwa ghafla kwa nguvu huku uso ukiiva na kutoka jasho, presha imepanda kwa hatari. Mkalisheni wima, mlegezeeni nguo, mwangalie kama mpira wa mkojo umeziba au choo kimekwama, na mumkimbize hospitali hata kama kichwa kimeanza kutulia.

Baba yako mwonyeshe barua ya kuomba hiyo makala moja kabla hujaituma, ili ajue kwamba hujamkatalia mwanawe tiba bali mnaidai kliniki ithibitishe kauli yake. Na wakianza kuharakisha kwa kusema nafasi ni chache na amana ilipwe wiki hii, waulizeni kwa maandishi kama amana inarudishwa, na nani atamhudumia kijana akipata madhara akiwa amesharudi Mwanza.